Dereva wa Mheshimiwa na Tunda la Yago

Mheshimiwa Gordon Wasonga alipigwa risasi siku ya Jumanne, mwezi wa tatu mwaka wa 1993, kwenye barabara ya vumbi isiyo mbali na Rangwe, na kufikia Ijumaa kila mtu alikuwa ameshamlilia. Walimlilia wanafunzi, wavuvi, wauza mitumba, hata wale waliokuwa wakimtukana Jumatatu. Maduka yalifungwa kutoka Migori hadi Homa Bay. Siku ya mazishi watu walikwea miti na mapaa ya nyumba, na wakubwa kutoka Nairobi walishika kipaza sauti mmoja baada ya mwingine wakaapa kwamba hawatalala mpaka muuaji apatikane. Walilala, bila shaka. Wakubwa hulala vizuri sana.

Hakuna aliyemlilia dereva wake.

Gari lilikutwa kando ya barabara, Mheshimiwa amelala kiti cha nyuma amekwisha kukata roho, na kiti cha mbele hakina mtu. Hakukuwa na tone la damu upande ule wala kiatu kilichodondoka. Polisi walitafuta siku mbili kwenye vichaka, wakachoka, na siku ya tatu redio ikasema kwamba dereva, Fanuel Ogweno, miaka arobaini na mmoja, ametoroka na anatafutwa. Ilisemekana alionekana Isebania akivuka mpaka kuingia Tanzania. Wiki iliyofuata ilisemekana alikuwa na mfuko wa pesa. Baada ya mwezi mfuko ukawa gunia.

Mkewe Truphena aliisikia habari ya gunia akiwa kwenye cherehani. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, amekaa barazani pa duka la mahindi pale soko la Rangwe kwa miaka tisa, na kabla ya mambo haya alijulikana kwa ulimi mwepesi. Mzazi akileta kitambaa pungufu, Truphena alimuuliza kama mtoto ana mguu mmoja. Kwao kulikuwa Sindo, kwenye ufuo wa ziwa, na kwa hivyo ukoo wa mumewe ulimwita nyar Sindo, binti wa Sindo. Alimfahamu Fanuel vizuri. Fanuel alikuwa mwoga wa kupita kiasi, mtu anayerudi mara mbili kuhakikisha mlango umefungwa. Mtu wa namna hiyo havuki mpaka na gunia. Fanuel alikuwa amekufa, na Truphena alijua hivyo tangu jioni ile ya Jumanne. Walichukua wawili, wakarudisha mmoja.

Lakini kujua ni jambo moja, na karatasi ni jambo lingine. Mwaka ule wa kwanza aliitwa kituoni mara kumi na moja kuandikisha taarifa. Sitakitaja kituo chenyewe, maana askari wake wengine bado wanapita sokoni. Maswali yalikuwa yale yale. Mumeo aliamka saa ngapi? Alikula nini? Alikuaga vipi? Aliamka saa kumi na moja, afande. Alikula uji na mihogo. Aliniaga kama mtu anayekwenda kazini. Wakimaliza walimsukumia karatasi aweke sahihi, naye alisoma kwanza, kwa kuwa alikuwa amefika darasa la saba na hakuogopa maandishi. Juu ya kila karatasi palikuwa na jina la mumewe, na mbele ya jina neno moja: mtoro.

Safari ya nne aliuliza. "Afande, na kama huyu naye waliua?"

Mpelelezi aliyetoka Nairobi, mtu wa koti la ngozi hata kwenye jua la adhuhuri, hakuinua macho. "Kama ni maiti, mama, tuletee maiti."

Ndivyo lilivyokuwa jambo lenyewe kwa ufupi. Kwa serikali Fanuel angekuwa mtu mwema siku atakayopatikana amekufa, na mpaka siku hiyo alikuwa muuaji. Serikali ilimhitaji mtu wa kubeba mzigo ule, na hakuna anayebeba vizuri kama mtu asiyekuwepo. Binti yao Cate, aliyekuwa darasa la tano, alirudi siku moja shuleni na sare imepasuka begani. Wenzake walikuwa wamemwambia baba yake alimuuza Mheshimiwa. Truphena aliishona ile sare palepale, mtoto akiwa ameivaa, na kwa hasira akamchoma sindano.

Nyumbani nako hakukuwa na raha. Joash, mdogo wake Fanuel, alikuwa na wake wawili na watoto sita, wote wamebanana katika vibanda viwili ndani ya boma la marehemu baba yao. Alitaka kutoka ajenge boma lake mwenyewe. Kwa Wajaluo mdogo hatoki kabla ya mkubwa, na mkubwa alikuwa amepanga kutoka mwezi wa nane, akauawa mwezi wa tatu. Fanuel angekuwa hai, angejenga. Angekuwa amezikwa, yangefanywa yanayofanywa, na njia ingefunguka. Sasa alikuwa katikati, na Joash naye akakwama nyuma yake.

"Mama Cate," alimwambia Truphena, amesimama mlangoni na kofia mkononi, "mimi simfukuzi ndugu yangu. Lakini mtu aliyepotea ana njia yake. Ile siku ami yetu alizama ziwani huko Takawiri na asipatikane, wazee walifanya nini? Walizika yago. Yakaisha."

Yago ni ule mti wa kando ya mito wenye matunda marefu mazito, yanayoning'inia kwa kamba zake kama vibuyu vilivyosahaulika. Likikuangukia moja kichwani, utaamkia hospitali. Mtu akipotea ziwani au vitani na mwili usionekane, tunda hilo huchumwa, huitwa kwa jina lake, hulazwa, huliliwa na watu, na huzikwa mahali ambapo yeye mwenyewe angezikwa. Baada ya hapo amekufa, na walio hai wanaweza kuendelea.

"Nikimzika, shemeji, watasema nimemficha," Truphena alijibu.

"Na usipomzika?"

"Wanasema nimemficha."

"Basi si ni hiyo hiyo?"

Alimkatalia mwaka mzima na zaidi. Polisi walikuwa sababu aliyoitoa mdomoni. Sababu nyingine hakuisema, maana ilimtia aibu yeye mwenyewe: lori lilipofunga breki sokoni aliinua kichwa, ingawa alijua. Aliyekuja kuuvunja ugumu wake ni mama mkwe, bibi kizee Phelesia, ambaye siku hizo alitembea kwa kushika kuta.

"Nyar Sindo," alisema, "mimi nitakufa. Hilo halinisumbui. Lakini nikitangulia, na mwanangu hana kaburi, nitamwambia nini babake?"

Truphena alikubali. Alichoka. Wakati mwingine mtu hukubali kwa sababu tu ya kuchoka, na wakubwa humsifu kwa busara.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1994, asubuhi, wanaume walikwenda mtoni wakachuma tunda refu kuliko yote. Waliingia nalo bomani wakimwita Fanuel kwa jina. Wanawake walipiga nduru. Truphena alileta koti la kijivu la kazi la mumewe akalivisha tunda, akafunga vifungo vitatu, na ilibidi akunje mikono ya koti kwa ndani kwa kuwa haikuwa na cha kushika. Katekista alikataa kuzika tunda, alisema kanisa halina sala ya namna hiyo. Hata hivyo alisimama nje ya ua na kuimba nyimbo zote za mazishi, kwa sauti kubwa, kana kwamba anapita tu. Kaburi lilichimbwa upande wa kulia wa nyumba. Joash alitupa udongo wa kwanza, akalia kweli, maana alimpenda kaka yake na tena alichoka naye.

Kesho yake saa nne asubuhi Landrova mbili ziliingia bomani.

Kuna mtu alikwenda kituoni akasema: Fanuel amezikwa jana. Hakusema zaidi, na huenda aliona anafanya wema. Mpelelezi wa koti la ngozi alikuja na askari wanane na makoleo, uso umemng'aa kama mtu aliyeota amepandishwa cheo. Alimpita Truphena bila salamu akaamuru kaburi lifukuliwe. Wazee walimsihi. Joash alishika koleo la askari, akasukumwa akaanguka juu ya kuni. Miongoni mwa askari alikuwepo mmoja mtu mzima, Sajini Nyamhanga, Mkuria wa upande wa Kehancha, na huyo alikuwa akichimba polepole kuliko wote.

Walipoinua kile kilichokuwa ndani, udongo ukadondoka, koti likafunguka kifua.

"Hiki ni nini?" mpelelezi aliuliza.

"Ni mume wangu, afande," alisema Truphena.

"Mimi naona tunda."

"Na mimi naona tunda. Ungeniletea mwenyewe, tusingesumbuka kukwea mti."

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza haraka. Sajini Nyamhanga akapangusa mikono. "Afande, hawa wakikosa mtu ndivyo wanazika. Si ujanja. Sisi ni majirani, hii tunaijua tangu zamani."

Mpelelezi alilizunguka tunda mara mbili. Alikuwa amewaahidi wakubwa wake maiti, na sasa alikuwa na kitu cha kuchekesha. Mtu wa aina hiyo hawezi kurudi mikono mitupu. "Kwa hivyo familia inataka mshukiwa aonekane amekufa," alisema. "Hiyo ni njama. Andika. Hiki ni kizibiti."

Wakalipakia nyuma ya Landrova, tunda pamoja na koti. Bibi Phelesia, ambaye hakuweza kutoka jikoni bila kushika ukuta, alilikimbilia gari lile mpaka kwenye lango akiita jina la mwanawe, akaanguka hapo. Wanawake wakapiga nduru upya. Safari hii walilia kwa hasira.

Kaburi halilali wazi, basi wazee walikata mgomba wakaufukia ili kuziba shimo. Walikubaliana wote kwamba mgomba si Fanuel. Na yago jingine? Walikataa. Lile lilikuwa limeitwa jina lake na limeliliwa, na mtu mmoja hawezi kuwa na matunda mawili. Lirudishwe lile lile, ndipo mazishi yaishe. Walisema hivyo wakaenda zao kunywa uji, na kazi ya kulirudisha ikabaki kwa mwanamke mmoja mwenye cherehani.

Sokoni walianza kusema Fanuel yuko rumande. Mara ya kwanza Truphena alicheka, kwa sababu ilichekesha. Baada ya mara ya ishirini aliacha.

Mwaka wa 1995 serikali iliunda tume ya kuchunguza mauaji ya Mheshimiwa. Majaji watatu walikaa katika ukumbi mmoja wa Homa Bay, na Truphena aliitwa, akavaa kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi. Wakili mmoja mnene alisimama.

"Bibi, ulimzika mumeo?"

"Ndiyo."

"Ulizika nini?"

"Yago. Ni tunda."

Ukumbi mzima ulicheka, hata mwandishi wa tume aliweka kalamu chini. Truphena alingoja wamalize. Alikuwa na subira ya mtu aliyekwisha ngojea mengi.

"Mnaocheka," alisema, "mleteni anayestahili kulala pale, nami tunda nitawapa mle."

Jaji wa katikati aliandika kitu. Magazeti ya kesho yake yalichapa maneno yale, na kwa wiki moja watu walimsalimu kwa heshima. Kisha miezi minane ikapita, na siku moja redio ikatangaza kwamba tume imevunjwa, kazi yake imekwisha, ripoti haipo. Truphena alikuwa akipinda sketi. Alimaliza pindo kwanza, akakata uzi, ndipo akazima redio.

Tangu hapo akawa anakwenda kituoni mara moja kila mwezi. "Afande, nimekuja kuuliza kile kitu chetu." "Kesi haijaisha, mama. Njoo mwezi ujao." Nani alikuwa akiendesha kesi hiyo, hakuna aliyejua. Mpelelezi wa koti la ngozi alipandishwa cheo akapelekwa Pwani, na natumaini joto la kule lilimtosha. Sajini Nyamhanga aliwekwa kwenye stoo ya vizibiti kwa kuwa magoti yake yalikuwa yameharibika. Hawakuwa marafiki, yeye na Truphena. Alimwonyesha benchi, akamwambia njoo mwezi ujao kwa sauti ya chini kuliko wengine, na hayo ndiyo yaliyokuwa kati yao.

Bibi Phelesia alitangulia mwaka wa 1996, kama alivyosema, bila jambo la kumwambia mumewe. Joash alingoja mwaka mmoja tena, akakata tamaa, akahamia Migori mjini na wake zake wote wawili kupanga vyumba. Mwenye kupanga chumba hahitaji kaka wa kumtangulia. Watu wote waliotaka mazishi yale wakawa wameondoka, na Truphena akabaki akidai kitu ambacho yeye mwenyewe ndiye aliyekikataa mwanzoni. Siku nyingine, akiwa juu ya benchi lile, alijiuliza anangoja nini hasa. Jibu lilikuwa lile lile kila mara: binti yake. Cate alikuwa sasa sekondari, na kwenye fomu za kuomba msaada wa karo palikuwa na nafasi ya baba: yupo au amefariki. Mwalimu mkuu aliiacha wazi kila mwaka, na kila mwaka fomu ilirudishwa.

Mwisho wa 1997 ikaja ile mvua ya El Niño. Ilibeba madaraja na mashamba, na pale kituoni iliangusha ukuta wa stoo. Mwezi wa tatu uliofuata, Truphena alipofika na swali lake, Nyamhanga hakumwambia aje mwezi ujao.

"Wametuambia tupunguze vitu," alisema. "Kesi za zamani. Kama kuna mwenyewe, achukue. Kama hakuna, tunachoma."

Aliingia ndani akichechemea, akatoka na kitu kimefungwa kwa gunia, akakiweka mezani. Panya walikuwa wamekula kola ya koti na mkono mmoja. Tunda lilikuwa limekauka, jepesi, likawa rangi ya mti wa zamani. Truphena aliliinua akastaajabu. Wanaume wawili ndio waliolibeba siku ile kutoka mtoni.

Nyamhanga alivaa miwani akaanza kujaza fomu. Alikuwa na mwandiko wa polepole wa watu waliofundishwa na wamisionari. Kizibiti: tunda moja, koti moja. Kimetolewa kwa: Truphena Akeyo. Uhusiano. Hapo alitua, akafikiri, akaandika, kisha akamsukumia karatasi aweke sahihi.

Truphena alisoma kwanza, kama kawaida yake. Alisoma tena.

"Afande. Hapa umeandika nini?"

Nyamhanga aliigeuza karatasi akaitazama. Palikuwa na maneno manne: mjane wa marehemu Fanuel, kisha Ogweno lilikuwa limeingia mstari wa pili. Aliutazama mlango wa mkubwa wake, uliokuwa umefungwa. Kalamu ilikuwa mkononi, na kukata maneno yale kungemchukua nusu dakika.

"Nikikata, fomu imeharibika," alisema. "Nitajaza ingine. Na mimi nastaafu Ijumaa, mama. Nimechoka."

Akachukua muhuri akaupiga juu ya karatasi, na juu ya nakala, akaupiga tena juu ya nakala pale ambapo wino haukushika vizuri. Akamkabidhi nakala.

Miaka mitano Truphena alikuwa ameitaka serikali iandike neno jingine lolote mbele ya jina la mumewe. Alikuwa amepanga atakachomwambia mwalimu mkuu siku hiyo, na atakachowaambia wale wa sokoni, na barua atakayompelekea Joash huko Migori. Sasa neno alikuwa nalo, lina muhuri wa serikali, na hakuna hata moja kati ya hayo lililomjia. Alikuwa amelipigania sana hata akasahau maana yake. Alirudi kwenye benchi, akakaa, akalipakata lile tunda jepesi pamoja na koti lake lililoliwa.

"Kwa hivyo amekufa," alisema.

"Pole, mama," alisema Nyamhanga. Katika miaka yote ile hakuna mtu mwenye sare aliyewahi kumwambia neno hilo.

Siku ya mazishi alikuwa amepiga nduru pamoja na wenzake kwa sababu ilimpasa. Sasa hakupiga nduru. Kilio kilianza kifuani, bila sauti, mabega yakimtikisika, na machozi yalipokuja hayakukatika. Nje palikuwa na watu wawili wanaongoja zamu yao dirishani. Sajini Nyamhanga aliwaambia ofisi imefungwa, akavuta mlango akakaa nje kwenye ngazi, akamwacha amlilie mumewe.